Kila Mtu na Jasho Lake

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, na kibali changu kimeisha muda wake tangu juzi. Basi tuseme tu nchi yetu. Anayeijua ataijua, na asiyeijua amshukuru Mungu wake.

Mimi ni Nyangasa, karani wa Klabu ya Tatu kwa Mpigo. Sisi ni watu wa kawaida kabisa, walimu, manesi, wauza vipuri, ambao mara moja kwa mwaka, mtama unapokaribia kuvunwa, tunaogelea bwawa la manispaa kutoka ukingo huu hadi ule, tunatoka tumelowa chapachapa, tunapanda baiskeli kuuvuka Mlima Uzalendo, kisha tunaziacha baiskeli huko na kukimbia kwa miguu mpaka uwanja wa shule ya msingi. Hakuna aliyetulazimisha. Wake na waume zetu wameuliza mara nyingi ni kwa nini, na mpaka leo hatujawapa jibu la maana.

Zawadi yetu ni moja tu. Ukimaliza, hata uwe wa mwisho, jina lako linaandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa bwalo la shule. Yako majina sitini na moja. Lipo la dobi mmoja aliyefika watu wameshaosha masufuria, akisindikizwa na mbuzi. Jina ambalo halipo ni la Bi Kuruthumu, na huyo ndiye aliyeianzisha klabu.

Bi Kuruthumu ana mashine ya kusaga pale sokoni. Ana miaka hamsini na saba, mikono ya kubebea magunia, na sauti iliyozoea kushindana na mota. Ameingia mashindano mara tisa na mara tisa hakumaliza. Si kwamba hana nguvu, la hasha! Shida yake ni kwamba hawezi kumpita mtu aliyekwama. Mwaka wa kwanza alimvuta nesi mmoja kutoka kwenye magugumaji, akabaki naye ukingoni mpaka alipoacha kutapika. Mwaka wa pili alimvulia Mwalimu Hiza, mwenyekiti wetu, raba zake mwenyewe, maana za Mwalimu zilikuwa zimeachama. Mwaka mwingine aliziba pancha nne za watu wanne, na ilipofika ya tano, ambayo ilikuwa yake, gundi ikawa imekwisha.

Nasi tuna desturi yetu. Baada ya mbio hupewi sahani ya pilau mpaka ugeuze ile namba uliyobandika kifuani na uandike nyuma yake ni nani aliyekubeba siku hiyo. Namba zote zinatiwa kwenye gunia, na gunia linakaa kwangu. Siku zile ungelifungua ungekuta miandiko ya kila aina, ya walevi na ya walokole, na karibu yote ilimtaja mtu mmoja.

*

Kosa nililifanya mimi, sitamsingizia mtu.

Wizara ya Michezo, Maadili na Mvua ilitangaza redioni Nishani ya Mwenzi Mwema wa Taifa. Nikasema moyoni, mama wa watu hana jina ukutani, basi angalau apate chuma kifuani. Nikajaza fomu. Fomu ikataka vielelezo. Nami, badala ya kuchagua viwili vitatu, nikapakia gunia zima kwenye basi la asubuhi na kuandika juu yake: Kwa Mheshimiwa Waziri, asome mwenyewe.

Jamani, akasoma.

Wiki ya tatu likaja gari la Wizara. Akashuka kijana nadhifu wa suti ya bluu, Bwana Ngulungu, Afisa Mwandamizi wa Mchakato. Alikataa kiti, akakataa maji, akanitazama kwa huruma.

“Bwana Karani, hivi una watoto?”

“Ninao watatu, bosi.”

“Unawapenda?”

Nikasema nawapenda. Akafungua mkoba, akatoa namba moja kuukuu, namba saba, ya mwaka wa nne. Nyuma yake palikuwa pameandikwa kwa wino wa kijani: Namshukuru sana yule mama wa mashine. Alinisukuma mlima mzima, akanibebea baiskeli begani, na ilipopasuka gurudumu akanipa yake. Bila yeye ningefia pale. A. Bwenzi, Naibu Waziri.

Sasa, kwa asiyejua, mwaka ule Naibu Waziri Athanasi Bwenzi alitoka wa tatu na Wizara yake ikampa medali ya shaba. Ni kweli kwamba tumbo la kuhara lilikuwa limepita klabuni na barabarani walibaki watu wanne, lakini wa tatu ni wa tatu. Medali hiyo ndiyo iliyompandisha akawa Waziri kamili. Watoto wa darasa la tatu wanasoma habari zake kwenye kitabu, sura ya “Bwenzi Aushinda Mlima”. Na mjini, pale kwenye mzunguko mkubwa, ipo sanamu yake akiwa amebeba baiskeli begani.

“Kanuni ya kumi na nne ya mchezo wenu,” Bwana Ngulungu akasema, “inasemaje juu ya mshindani aliyesaidiwa?”

“Anafutwa.” Sikumwambia kwamba hatujapata kuitumia.

“Anafutwa,” akarudia taratibu. “Sasa tumfute nani, Bwana Karani? Mheshimiwa au sanamu?”

Nikamwambia mimi ni karani tu, mambo ya sanamu siyajui. Alipoondoka nikaenda mashineni nikamsomea Bi Kuruthumu kwa kichwa maneno yale ya wino wa kijani.

*

Serikali yetu haijapata kushindwa na jambo dogo kama ukweli. Baada ya siku nne Mheshimiwa Waziri akatia sahihi Tamko la Kila Mtu na Jasho Lake. Linasema kwamba katika historia ya mchezo huu nchini hakuna mtu aliyepata kumsaidia mtu. Aliyesaidiwa hakusaidiwa. Atakayesaidia kuanzia sasa, iwe kwa mkono, kwa maji, kwa pampu au kwa ushauri, atashtakiwa. Makofi na vigelegele ni kumsukuma mtu kwa sauti, kwa hiyo navyo ni marufuku. Neno “pole” linaruhusiwa, mradi msemaji asilimaanishe.

Ikabaki taabu moja. Nishani ilikuwa imeshatangazwa, mahema yameshasimamishwa, na bendi ya polisi imeshafanya mazoezi. Kuvunja sherehe kungezua maswali. Ikaamuliwa Bi Kuruthumu apewe nishani yake kama ilivyopangwa, ila kisitajwe alichofanya.

Mtu asidhani hiyo ni kazi rahisi. Mheshimiwa alihutubia saa moja na robo.

“Ndugu wananchi!” alisema. “Mwanamke huyu mnayemwona ni mfano! Ni mfano wa mifano! Miaka tisa mfululizo amekuwapo. Nasema a-me-ku-wa-po! Watu walipoanguka, alikuwapo. Walipoinuka, alikuwapo vilevile. Na kati ya kuanguka na kuinuka, ndugu zangu, hapakutokea kitu chochote!”

Bendi ikapiga. Sisi wanaklabu tulikaa mikono mapajani, maana hatukuwa na hakika kama makofi ya Waziri nayo yamo kwenye Tamko. Bi Kuruthumu alisimama jukwaani na kitenge chake cha sikukuu, amebana midomo, na mabega yanamtikisika.

Nyuma ya hema Bwana Ngulungu akamletea karatasi.

“Shikamoo, mama. Tia sahihi hapa kwamba hukumsaidia mtu.”

“Marahaba, mwanangu. Sikumsaidia nani?”

“Yeyote.”

“Na yule nesi wa magugumaji?”

“Alitoka mwenyewe.”

“Na Mheshimiwa je? Nilimsukuma mpaka viganja vikachubuka!”

“Mama!” Akaangaza huku na huku. “Ulikuwa upepo, mama. Siku ile palivuma upepo.”

Bi Kuruthumu akacheka mpaka akashika mti wa hema. Nilipomtazama macho yalikuwa yamejaa machozi.

“Nisikilize, baba. Kisahani chenu hiki,” akakigonga kwa ukucha, “nitafunikia kikombe. Ninachokitaka mimi ni jina langu ukutani. Mjukuu wangu anakunywa uji kwenye bwalo lile. Kila siku ananiuliza, bibi, wewe umeandikwa wapi? Namdanganya kwamba niko juu sana, hapaoni. Na goti hili, daktari kasema ni mwaka huu tu, halafu basi. Sasa niambie, siku ya mbio nikimkuta mtu kakwama, nifanyeje?”

“Unapita.”

“Hata akilia?”

“Hata akizimia. Ni amri.”

“Hata awe nani?”

Gari la Wizara lilikuwa linaunguruma, na Bwana Ngulungu alikuwa na haraka. “Hata awe nani, mama.”

“Niandikie,” akasema. “Na muhuri.”

Akaandikiwa, muhuri ukagongwa. Ndipo naye akatia sahihi yake, akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa uzi wa kushonea magunia.

*

Jumapili iliyofuata Mwalimu Hiza akatuita klabu nzima isipokuwa Bi Kuruthumu. Mwalimu ni mtu mkali, hapendi porojo.

“Barua si kitu,” alisema. “Mnamjua. Akiona mtu ameanguka ataisahau barua, atalisahau goti, atashuka. Mara tisa ameshuka. Mimi nilikimbia na raba zake huku yeye anatembea peku kwenye lami ya saa sita, na jina langu liko ukutani.” Hapo akakohoa kwa nguvu. “Kwa hiyo mwaka huu asimwone mtu yeyote amekwama. Mmenielewa? Ukipata pancha, ingia kwenye mtama. Ukikazwa na misuli, ingia kwenye mtama. Ukitapika, tapikia huko huko. Usitoke mpaka apite.”

“Na mtu akiwa anakufa?” akauliza yule nesi.

“Afie kwenye mtama,” Mwalimu akasema. “Kimyakimya.”

Sikuandika muhtasari wa kikao hicho. Kumsaidia mtu ni kosa, na kama kujificha ni kusaidia au la, niliona si vizuri kuwasumbua Wizara na swali hilo.

*

Siku ya siku ikafika. Mheshimiwa Waziri naye alikuwa mshindani, hapakuwa na jinsi. Aliyetangaza kila mtu na jasho lake ilibidi aonyeshe la kwake. Alikuja na magari kumi na moja, madaktari wawili, na nguo ya kubana yenye rangi za bendera, ambayo tumboni ilitanuka mpaka rangi zikapauka. Kwa itifaki akaanza dakika arobaini kabla yetu. Bwawa nalo lilikuwa limepunguzwa maji wiki hiyo kwa ajili ya ukarabati. Mheshimiwa ni mrefu, akatembea. Bi Kuruthumu ni mfupi, akaogelea.

Mimi nilipandishwa nyuma ya pikipiki ya Wizara na daftari langu, niandike kila tone la jasho la Mheshimiwa. Lakini alipoanza kupanda mlima alikwenda polepole mno, pikipiki ikawa inataka kuanguka kwa mwendo ule. Ikabidi tuwe tunarudi nyuma mpaka chini na kupanda tena. Ndivyo nilivyoona ya kwenye mtama.

Barabara ile ina mashamba ya mtama kushoto na kulia. Bi Kuruthumu alikuwa anapanda baiskeli akihema, goti limefungwa kitambaa, uso umeng'aa. Mbele yake ilikuwapo baiskeli imelala gurudumu juu, na mwenyewe haonekani. Akapunguza mwendo.

“Ya nani hii?”

Mtama ukatikisika kidogo.

Akasonga. Mbele kidogo ikaonekana raba moja. Mbele tena, kofia. Kisha, kati ya mabua, kaptula nyekundu ambayo mji mzima unaijua.

“Mwalimu Hiza! Umefanyaje?”

“Sipo!” ikajibu kaptula.

“Makalio nayaona, Mwalimu!”

“Si yangu! Pita, mama! Pita, nakuomba!”

Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye maumivu, tena makali. Bi Kuruthumu akateremsha mguu mmoja chini. Mimi nikafumba macho. Nikasema basi tena, mara ya kumi hii, tumekwisha. Ndipo nikasikia kutoka upande wa pili wa barabara sauti ya nesi, “Pita, mama!” Na dobi, sijui alikuwa wapi, “Pita, Bi Kuruthumu!” Mara shamba zima likawa linapiga kelele, pita, pita, pita, na hakuna hata kichwa kimoja kilichotokeza.

Alisimama pale akiwasikiliza. Akajifuta uso kwa mkono mzima, kuanzia kiwiko.

“Mashetani nyie,” akasema. Kisha akarudisha mguu kwenye pedali na kwenda.

Nikaandika kwenye daftari: Saa nne na dakika kumi. Upepo mkali kwenye mtama.

*

Karibu na kilele tulimkuta Mheshimiwa Waziri amelala katikati ya barabara, mnyororo wa baiskeli umekatika na misuli ya paja imemkaza. Yeye hakuwa na mtama wa kujificha, maana pale juu ni mawe matupu. Magari kumi na moja yalikuwa yamesimama nyuma yake. Madaktari wamefumbata mikono. Bwana Ngulungu alikuwa anazunguka tu, mara anainama, mara anakumbuka sheria na kuinuka.

“Nipeni mkono!” Mheshimiwa alilia. “Ngulungu, mkono!”

“Ningependa, Mheshimiwa, lakini kifungu cha tatu...”

“Natengua! Natengua Tamko sasa hivi!”

“Muhuri uko mjini, Mheshimiwa. Na kukuletea muhuri nako kunaweza kutafsiriwa kuwa ni msaada.”

“Nani aliandika upuuzi huu?”

Hakuna aliyemjibu. Kujibu kungekuwa ushauri.

Hapo ndipo Bi Kuruthumu akatokea, anasukuma pedali moja moja kwa uzito wote wa mwili wake. Mheshimiwa akamwona. Uso wake ukafunguka kabisa.

“Mama! Mama wa mashine! Mungu ni mwema, njoo unisukume!”

Akasimama. Nasema kweli Bi Kuruthumu alisimama, na viganja vyake vikafunguka vyenyewe. Alimtazama Mheshimiwa kwa muda mrefu, akatazama kilele, kilichokuwa mbali kama kutoka mashine yake hadi kwa muuza mkaa wa pale pale sokoni.

“Mheshimiwa,” akasema, “Karani alinisomea ulivyoniandikia mwaka ule. Sikuwa najua. Nilifurahi sana, wallahi, nilifurahi mpaka nikalia mbele ya wateja. Nikasema kumbe mkubwa naye anakumbuka. Halafu ukaniletea karatasi nitie sahihi kwamba ulikuwa upepo.”

“Mama, siasa hiyo! Usiiweke moyoni!”

Bi Kuruthumu akauvuta mfuko wa nailoni kutoka kifuani, akamkabidhi Bwana Ngulungu barua yake mwenyewe. Ngulungu akasoma, akaona sahihi yake, akaona muhuri, akakaa kitako kwenye jiwe.

“Pole, Mheshimiwa,” Bi Kuruthumu akasema. Kisha akanigeukia mimi. “Karani, andika kwamba sikumaanisha.”

Nikaandika. Naye akapita.

*

Uwanjani pale shuleni watu walikuwa wamejaa, na askari wamepangwa kuangalia mikono. Bi Kuruthumu aliingia anakimbia kwa kuchechemea, wa kwanza na wa pekee, kwa kuwa klabu nzima ilikuwa bado imechutama kwenye mtama. Hakuna aliyepiga kofi wala kigelegele. Watu walisimama mikono mifukoni, wengine wamejiziba midomo kwa khanga, na palikuwa kimya hata ukasikia raba zake zinavyopiga kwenye vumbi. Alivuka mstari akaenda moja kwa moja bwaloni, hakusimama hata kupumua. Nilikuwa nimetangulia kwa pikipiki, nikamngoja na kopo la rangi.

“Andika,” akasema.

Nikanyoosha brashi juu, chini ya jina la sitini na moja.

“Huko wapi? Shuka. Shuka tena. Mpaka kimo cha mtoto.”

Nikapiga magoti nikaandika KURUTHUMU MAGEMBE. Akanifanya nirudie ile K kwa kuwa iliegemea upande. Alipoona imekaa sawa alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akalia kwa sauti yake yote, ile ya kushindana na mota. Askari walitazamana. Tamko halikusema kitu juu ya kulia.

Wenzetu wakaanza kuingia mmoja mmoja, nywele zimejaa punje za mtama, Mwalimu Hiza akiburuta mguu. Kila mtu aligeuza namba yake na kuandika, maana njaa haina tamko. Pilau ikapakuliwa. Bi Kuruthumu alikuwa anamaliza sahani yake alipofika Bwana Ngulungu mbio kwa miguu, suti imemganda mwilini.

“Mama, Mheshimiwa bado yuko mlimani, na jua linamchoma. Nimezungumza na wanasheria kwa simu. Kumsaidia huwezi. Lakini wewe ni Mwenzi Mwema wa Taifa, kwa hiyo kuwapo unaruhusiwa. Twende tu ukawepo, mama. Uwepo nyuma yake. Karibu na mgongo.”

Watu wote wakaacha kutafuna. Tulimjua, na tulijua viganja vile. Bi Kuruthumu akamtazama kijana wa watu juu hadi chini, akamsogezea kibao.

“Kaa, mwanangu, umechoka. Nimekusikia. Nikishiba nitakwenda.” Kisha akaninyooshea sahani, tupu. “Nyangasa, niongeze. Na ukoko, usininyime.”